Fisi Aliyepakwa Liwa

Paukwa.

Hapana, Mishi, usiseme pakawa. Liwa yako bado mbichi, ukifungua mdomo itapasuka. Wewe pia, Raya. Leo mtaniitikia kwa pua. Paukwa?

Mmm.

Vizuri. Palikuwa na nini? Palikuwa na jiwe la kusugulia liwa, palikuwa na kibuyu cha maji, palikuwa na uso usiooshwa. Mwenye masikio asikie, mwenye chunusi asogee karibu.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakioana kwa ndoa na wali wa nazi, aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, hana mkia, ukimwona utadhani ni panya aliyeshiba. Bi Pimbi alikuwa somo, kungwi wa maharusi. Kila bibi harusi wa porini alipitia mikononi mwake. Alisugua liwa, ule mti wa kunukia, juu ya jiwe, kwaru kwaru kwaru, akaichanganya na manjano, akampaka mwali uso na shingo, na mwali akatulia ndani. Mwali aliyepakwa liwa hali, hasemi, hacheki, na hatoki mpaka somo wake amtoe. Hiyo ndiyo ada, na hata Simba aliiheshimu.

Na aliishi Fisi. Fisi alikuwa na nguvu, na Fisi alikuwa na tumbo. Palipokuwa na harusi, Fisi alikuwapo. Hakualikwa, alikuja tu. Akala wali, akala mchuzi, akala ukoko, akala na mwiko.

Harusi ya binti mkubwa wa Bi Pimbi aliila yote peke yake. Wageni wa upande wa bwana wakarudi kwao na njaa. Mpaka leo mama mkwe wa yule binti akikoroga uji humwambia, "Tazama vizuri, hiki kinaitwa chakula. Kwenu hamkijui." Binti hulia. Bi Pimbi akipata habari, naye hulia. Sasa ilikuwa zamu ya binti mdogo, Kidawa, na Bi Pimbi aliapa kwamba huyu hatasimangwa na mtu.

Siku moja kabla ya harusi, huyo Fisi anakuja. Tifu, tifu, tifu.

"Bi Pimbi, kesho kuna nini?"

"Kesho kuna harusi, bwana mkubwa."

"Nitakuja na sinia langu. Jipya. Lile la zamani nililila."

Bi Pimbi alikuwa akiutazama uso wa Fisi, maana uso ule ulikuwa umejaa chunusi kutoka sikio hadi sikio. Fisi akaona anatazamwa, akajifunika.

"Usinitazame, Bi Pimbi. Dawa zote nimejaribu. Kima aliniambia nipake limau. Nikapaka limau, likaniwasha kutwa. Nyegere aliniambia nipake asali. Nikapaka asali, nyuki wakanifuata, vuuu, mpaka mtoni. Ngiri aliniambia nipake tope."

"Ngiri? Yule mwenye uso kama gunzi la mahindi?"

"Huyo huyo. Nikapaka tope. Kobe akaniambia nipake dawa ya meno."

Usigeuze uso, Mishi. Nimeiona dawa yangu ya meno ilivyopungua.

"Sasa fisi jike wote wa ng'ambo ya mto wananiita Bwana Fenesi," akasema Fisi. "Na kesho watakuja harusini. Bi Pimbi, mimi nataka mke."

Bi Pimbi akamwonea huruma. Halafu akamkumbuka yule mama mkwe na uji wake, huruma ikamtoka.

"Njoo alfajiri," akasema, "nitakusinga liwa mwenyewe. Lakini ada unaijua."

"Naijua."

"Huli, husemi, hucheki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka somo wako akutoe."

Alfajiri Fisi akaja, sinia kwapani. Bi Pimbi akamkalisha pangoni, nyuma ya jiko la harusi. Akasugua liwa, kwaru kwaru kwaru. Akatia manjano. Akatwanga majani ya mwarobaini, akatia. Akapasua mayai, akatia ute wake, maana ute wa yai ukikauka huvuta ngozi kama ya ngoma. Akampaka Fisi safu moja, akampaka safu ya pili, kisha akamwimbia:

*Fumba mdomo, uso ung'ae.
Fumbua mdomo, chunusi zikae.*

Fisi akafumba mdomo.

Huko nje nazi ikakunwa, wali ukapaliwa moto. Harufu ikaingia pangoni, ikapita mlangoni, ikamkalia Fisi puani. Mate yakamjaa. Akafungua mdomo kidogo tu, apate kulamba hewa. Kach. Liwa ikapasuka.

Bi Pimbi huyo, upawa mkononi. "Aa, bwana mkubwa. Tuanze upya."

Akamwosha, akampaka safu moja, akampaka safu ya pili. *Fumba mdomo, uso ung'ae.* Fisi akafumba mdomo.

Huko nje wageni wakafika, ngoma ikalia, tu-ku-tu, tu-ku-tu. Kima akaanza mzaha wake kuhusu Kobe aliyechelewa harusi yake mwenyewe. Watu wakacheka. Na Fisi, jamani, Fisi kuzuia kicheko ni kama pakacha kuzuia maji. Tumbo likamtikisika, mabega yakamtikisika. Kach.

Bi Pimbi huyo. "Aa, bwana mkubwa. Tuanze upya."

Akampaka safu moja, akampaka safu ya pili, na safari hii akaongeza ya tatu. *Fumbua mdomo, chunusi zikae.* Fisi akafumba mdomo.

Huko nje masinia yakatandazwa. Akasikia wanavyokula. Akasikia mifupa ikivunjwa. Akasikia ukoko ukikwanguliwa, kwangu kwangu kwangu, ukoko wake yeye, aliokuwa akiuota tangu juzi. Machozi yakamtoka, yakachora njia mbili kwenye liwa. Lakini mdomo hakufungua. Alitaka mke.

Wageni wa upande wa bwana wakashiba mpaka wakalegeza mikanda. Mama mkwe mpya akamshika Bi Pimbi mkono akasema, "Dada, kwenu kuna chakula." Bi Pimbi akaenda nyuma ya jabali akalia, mara hii kwa raha. Kisha akajifuta, akachukua maji ya vuguvugu, akaingia pangoni. Chubwi, chubwi. Liwa ikatoka, na chunusi zikatoka nayo.

Raya ananikodolea macho kama kusema chunusi haziponi kwa siku moja. Kweli. Lakini nusu ya zile hazikuwa chunusi, zilikuwa ukoko wa harusi iliyopita. Fisi hakuwahi kunawa uso tangu azaliwe, na Bi Pimbi aliliona hilo tangu mwanzo.

Fisi akatoka nje. Masufuria yameoshwa, uwanja umefagiwa.

"Chakula kiko wapi?"

"Kimekwisha, bwana mkubwa. Lakini hebu jitazame."

Fisi akainamia maji ya kibuyu. Akatazama sufuria tupu. Akatazama maji tena. Fisi jike mmoja wa ng'ambo, akiwa njiani kurudi, akasimama akauliza, "Huyu kijana ni wa wapi?"

Fisi akacheka, maana sasa alikuwa na ruhusa. Kisha akamnong'oneza Bi Pimbi, "Harusi nyingine lini? Usiache kunipaka kabla." Na tangu hapo, porini hakuna harusi inayoanza kabla Fisi hajapakwa liwa.

Hadithi yangu imefika kizingitini, anayeitaka aibebe, asiyeitaka anirudishie.

Na mafunzo yake ni haya, wanangu. Msimwamini kamwe mtu anayewapaka kitu usoni na kuwaambia mfumbe mdomo. Ila mimi, shangazi yenu. Shangazi hana hila.

Sasa tulieni hapo hapo, liwa haijakauka. Nasikia harufu ya sambusa jikoni, naenda kuonja. Zilikuwa sahani mbili, yenu na yangu. Nikionja zote mbili, mnasemaje?

Mmm.

Ahsanteni, wanangu. Nilijua hamtakataa.