Mashina Meupe Chini ya Shamba

Kitu kilichoviringika mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa. Anayekitaka, awe tajiri au fukara, hupiga magoti, akashusha kichwa na kukubali vumbi limwingie puani. Wahenga walitumia jambo hilo dogo kutufunza kubwa: chema hakipatikani ila kwa kujishusha na kuvumilia taabu yake. Kiyono Hamanaka alifika umri wa miaka arobaini na minane bila kuyajua hayo, mpaka baba yake alipofariki.

Mzee Kisaburo Hamanaka alikuwa mkulima wa Tachikawa, magharibi mwa Tokyo, mahali ambapo maghorofa yalikuwa yameyazingira mashamba pande zote na treni zilipita zikitikisa majani ya vitunguu. Alifariki mwezi wa Mei, alasiri moja tulivu, ameketi barazani na kikombe cha chai mkononi. Waliomkuta walidhani amesinzia. Kikombe hakikumwagika.

Kiyono alikuja kutoka Yokohama, ambako alikuwa muuzaji katika duka la miwani. Mikono yake ilikuwa laini kama pamba. Tangu usichana wake alikuwa akiona haya kwa udongo uliokaa kwenye kucha za baba yake, na alipoondoka nyumbani kwenda kusoma, aliapa moyoni kwamba hatashika jembe. Lakini siku ya maziko alisimama ukingoni mwa shamba, upepo ukawa unayapitia majani mapya polepole, kama mkono unaopapasa kichwa cha mtoto, naye akahisi kwamba pahali pale pakichukuliwa hatakuwa na pengine pa kurudi, hata katika ndoto.

Baada ya kisomo cha siku ya arobaini na tisa, kinachofunga matanga ya Kibudha, yeye na kaka yake Masanari walikwenda kwa Bwana Ikuno, mhasibu wa kodi.

"Ardhi ya hapa inahesabiwa kwa bei ya mjini," Bwana Ikuno aliwaeleza, "hata kama juu yake mmeotesha vitunguu tu. Nisiwafiche, kodi ya urithi inaipita akiba yote aliyoacha marehemu."

"Kwa hiyo sisi ndio tunaorithi, au ndio tunaorithiwa?" Masanari aliuliza. Alikuwa mtu wa mzaha, hasa alipokuwa na hofu.

"Njia ipo. Mmoja wenu akilichukua shamba na kulilima, kodi ya shamba inawekwa kando. Inangoja. Akifa bado mkulima, inafutwa."

"Na akichoka?"

"Akiacha njiani, inamrudia yote, na riba juu yake. Halafu hiyo ni kodi ya shamba tu. Ya nyumba na uwanja haingoji mtu."

Kiyono alivuta kiti karibu. "Mimi nitalichukua. Nitaajiri watu walime."

"Kwa sheria ilivyo sasa, hapana, dada yangu. Wasaidizi unaruhusiwa. Mkulima lazima uwe wewe, na kamati ya kilimo ije ikuone, ithibitishe. Hesabu zote zinatakiwa kabla ya miezi kumi tangu msiba kutimia, maana yake Machi."

"Basi nitalima."

Masanari alicheka mpaka akafuta macho. "Wewe? Hata ukivaa buti za mpira unatembea kama mtu anayeogopa kukanyaga yai." Kisha kicheko kikamwisha. "Sikia, dada. Ukishindwa katikati, riba itatumeza. Wajenzi wa maghorofa wako tayari kununua leo. Mimi muhuri wangu siugongi kwenye mapatano ya mgawanyo wa urithi mpaka nikuone unalima kweli."

Bila muhuri wake, ambao huko ndio sahihi ya mtu, hakuna ambalo lingesonga mbele. Kiyono aliacha kazi, akahamia kwenye nyumba ya baba yake.

Mwanzoni alilima akiwa wima kama mlingoti. Alinunua jembe la mpini mrefu kuliko yote dukani, na kigoda chenye magurudumu, apalilie amekaa. Bi Tokue, mjane aliyelima shamba la jirani, alimtazama siku kadhaa, mwishowe akaja akiwa amejifunga kitambaa kichwani.

"Mwanangu, magugu hayajui kwamba umeketi. Hayatakufuata kitini."

"Mgongo, Bi Tokue."

"Mgongo ninao na mimi. Nimeukunja miaka mingi, haujavunjika."

Kiyono alitabasamu, akaendelea na kigoda chake. Magugu aliyoyakata juu juu yalichipua tena. Hata hivyo kiangazi kilikuwa na uzuri wake. Udo, mboga iliyompa baba yake jina katika soko zima, ilirefuka ikampita kimo, ikatoa maua madogo meupe, na nyuki wakavuma humo mchana kutwa hata asijue kama yuko macho au anaota. Baridi ilipoanza, majani yakafa, naye akang'oa mizizi na kuilaza ghalani.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanzia, kwani udo ya Tachikawa huoteshwa gizani. Katikati ya shamba kulikuwa na shimo refu lenye ngazi, na chini yake vyumba vilivyochimbwa pembeni, vifupi mno hata mtu hawezi kuingia ila kwa kutambaa. Mizizi hupangwa humo mmoja mmoja, nayo kwa kukosa jua huchipua mashina marefu meupe, laini, yenye harufu kama ya msitu baada ya mvua.

Kiyono alishuka ngazi, akachungulia mdomo wa chumba, na moyo ukamwambia hapana. Hakuogopa giza. Aliona haya kujiburura tumboni kama mjusi. Akatafuta mti mrefu, akaisukumia mizizi ndani akiwa amesimama. Mwaka ulipogeuka, mizizi ile ilikuwa imerundikana na kuoza, na vichipukizi vichache vilivyotokea vilikuwa vimepinda kama vidole vya mgonjwa.

Bi Tokue alinusa kapu lililotoka shimoni. "Umeitupa kama takataka, nayo imekujibu hivyo hivyo. Baba yako alikuwa akiiingilia kwa magoti, na kabla hajaanza kazi alikuwa akiisalimu. Mimi nilimcheka. Sasa sicheki."

Mizizi iliyobaki ghalani ilikuwa nusu. Masanari naye alipiga simu kusema wajenzi wamepandisha bei.

Asubuhi iliyofuata Kiyono alishuka, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi na kutambaa. Paji la uso liligusa udongo. Huko juu kulikuwa na barafu, lakini chini palikuwa na joto kama chumba alicholala mtu usiku kucha. Sauti ya treni ilimfikia kama kutoka nchi nyingine. Alipanga mzizi, akapanga mwingine, na kwa muda asioweza kuupima alisikia pumzi karibu naye, nzito, ya mtu aliyezoea kazi. Hakugeuka kutazama, kwa kuwa alijua ataona ukuta. "Za asubuhi," alisema taratibu, na hakujua kama ameisalimu mizizi au baba yake.

Akashuka kila siku. Kucha zake zikawa nyeusi.

Kamati ya kilimo ilikuja Februari: wazee wawili na mama mmoja, wote wakulima. Masanari alikuja nao, amevaa suti ya kazini. Walitazama safu za vitunguu, wakatazama mikono ya Kiyono, kisha mkubwa wao akauliza, "Shimoni anashuka nani?"

"Mimi. Karibuni."

Wote watatu walishuka kama watu wa nyumbani. Masanari alisita, akaikunja suruali yake, akafuata. Kwenye mdomo wa chumba alipiga magoti, akatambaa nyuma ya dada yake mpaka taa ilipoangaza ndani. Mashina meupe yalisimama kwa mamia, yametulia kama mishumaa isiyowashwa. Kiyono alikata shina moja, akampa kaka yake, naye akalitafuna likiwa bichi, polepole, machozi yakimlenga.

"Baba alikuwa akifanya hivi kila siku?"

"Kila siku ya baridi."

"Na mimi nilidhani huku anakuja kuchukua mboga tu."

Mkubwa wa kamati alikohoa. "Bibi Hamanaka, unajua kwamba umejifunga mpaka kufa?"

"Najua, mzee. Tangu nijifunge ndipo nilipoanza kulala usingizi mzuri."

Kamati ikathibitisha, na Masanari akagonga muhuri wake. Kodi ya shamba ikawekwa kando, ingoje. Nyumba waliyozaliwa haikusalimika. Waliiuza pamoja na uwanja wake kulipia kodi iliyobaki, na siku ilipobomolewa Kiyono alilia waziwazi, ameshikwa mkono na Bi Tokue. Alipanga vyumba viwili nyuma ya duka la tofu, jibini la maharage ya soya. Kila asubuhi ya baridi alivuka barabara, akashuka ngazi, na watu waliokuwa wakipita na watoto wao walimwona akizama ardhini taratibu, mpaka kitambaa chake cha kichwa kikatoweka. Shamba la baba yake likabaki mikononi mwake, kwa bei ya magoti na paji la uso. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.