Bakuli Lenye Nukta Nyekundu

Ndugu zangu, kabla hatujainuka kwenda barazani, ambako nimeona vyakula vya sikukuu vimekwisha kupangwa, niwape mfano mmoja mfupi. Nimeutunga mwenyewe. Hakuna mtu wa mtaa huu ndani yake, kwa hiyo msianze kutazamana. Mkitazamana sasa, mtakuwa mmelitenda kosa lenyewe kabla sijalitaja.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa na mabakuli sita. Nasema mabakuli, sisemi sahani wala hotipoti. Shuleni nilifundishwa kukiita kila kitu kwa jina lake, na katika mfano huu jina lina kazi. Yalikuwa mabakuli meupe ya kauri, yenye maua ya kijani ukingoni, aliyopewa na mama yake siku alipoolewa. Chini ya kila bakuli alitia nukta moja ya rangi nyekundu ya kucha, kama wanawake wafanyavyo, ili vyombo vikienda shughulini visije vikarudi kwenye nyumba isiyo yao.

Ramadhani ilipoingia, mjane mmoja alihamia chumba kilichopakana na chake. Alikuja peke yake, na begi moja. Siku ya tatu ya mfungo, mwenye mabakuli akampelekea futari: muhogo wa nazi, bakuli zima. Huo ni wema, na mimi siutilii shaka. Mgeni akapokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Desturi yetu mnaijua. Jirani akikuletea kitu, humrudishii chombo chake hivi hivi. Unatia ulicho nacho, hata ikiwa ni ndimu tatu.

Siku ya nne bakuli halikurudi. Siku ya saba halikurudi. Siku ya kumi mwenye bakuli alisimama mlangoni kwa mgeni, akasema huku anacheka kidogo:

"Jirani, lile bakuli langu lipo?"

"Lipo, dada. Nitalileta mwenyewe."

"Si unipe tu sasa, maadamu nimeshafika?"

"Hapana, dada. Nitalileta."

Akayasema hayo akiwa amesimama katikati ya mlango, na pazia amelishika kwa nyuma. Ninyi mngefikiri nini? Naye alifikiri hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo akaanza kuangalia. Aliona kwamba jiko la mgeni halinuki chochote. Aliona kwamba mgeni hutoka asubuhi na mfuko mtupu, na alasiri hurudi ameukumbatia kifuani. Vibanio vya nguo vikapungua kambani, akamtazama mgeni. Kuku wa nyumba ya mbele akapotea, akamtazama mgeni. Kuku yule alikuja kuonekana nyuma ya banda la kuni, ameatamia mayai yake kwa raha zake. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na hakuna aliyekwenda kuyarudisha. Shoga zake wakawa wanamuuliza, "Wewe unapata wapi usingizi, ukuta kwa ukuta na mtu kama huyo?"

Ikafika Idd. Mtaa ule kila nyumba ilileta kitu kitamu barazani. Kulikuwa na kaimati, kulikuwa na visheti, kulikuwa na vileja na kashata za nazi. Kulikuwa na mkate wa kumimina, ambao vijana wa siku hizi huuita keki ya mchele. Si keki. Tangu siku ya mwisho ya mfungo mtaa mzima ulinukia mafuta na hiliki, isipokuwa chumba kimoja.

Na asubuhi wanawake walipokwenda kuswali, mgeni alibaki. Mwanamke ana udhuru wake, na hilo haliulizwi. Siku ile liliulizwa.

Waliporudi, walimkuta amesimama pembeni ya jamvi, ameshika chombo kilichofungwa kitambaa cheupe, fundo juu. Akampita kila mtu, akasimama mbele ya mwenye mabakuli.

"Idd mubaraka, dada. Nimekuletea wewe. Nakuomba ufungue mwenyewe, mbele ya wenzako."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Basi tu, dada. Fungua."

Shoga mmoja akamvuta kanga. "Usithubutu! Mtu hapiki mwezi mzima, leo analeta kitu kimepigwa fundo na anakuchagua wewe peke yako? Unajua kimesomewa nini?"

"Ni tambi za sukari," akasema mgeni. "Tambi tu. Nimezipika mlipokuwa kwenye swala. Ni kitu cha robo saa."

"Robo saa!" Wakacheka wote. "Sisi tangu jana tunahangaika na hamira, mwenzetu robo saa!"

Mwenye mabakuli akapokea kwa ncha za vidole, akakiweka mwisho wa jamvi, kwenye jua. "Ahsante. Tutakula baadaye."

Walikula kila kitu. Kaimati zikaisha, visheti vikaisha, mkate wa kumimina ukagombaniwa. Fundo la kitambaa halikuguswa. Mgeni alikaa ukutani na kashata moja mkononi, akaimega kidogo, akawa anakitazama kile chombo chake, kisha anawatazama wao. Mwisho akainuka, akaenda zake. Hakuna aliyemwambia "karibu tena."

Wakati wa kuosha vyombo, mwenye mabakuli akalibeba lile fundo hadi uani. Hakulifungua kama mtu anavyofungua chakula. Alikata kitambaa kwa kisu, akageuza chombo juu chini mbele ya kuku.

Tambi zikamwagika. Zilikuwa tambi nzuri, ndugu zangu. Zilikaangwa kwa samli mpaka zikawa na rangi ya asali, zikachambuka kila uzi mbali, na ndani yake zabibu. Harufu ya hiliki ikampanda usoni. Na chombo kikabaki mkononi mwake, chini kukiwa juu.

Nukta nyekundu.

Alikwenda mbio hadi mlango wa pili, bakuli mkononi.

"Jirani! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, dada? Kwamba sina cha kutia? Ulileta limejaa. Nilikuwa nafua nguo za watu. Sukari nikapata, samli nikapata, tambi nikapata. Zabibu ndizo zilizonichelewesha. Nilitaka ziwe na zabibu."

"Na kunitaka nifungue mbele ya watu?"

"Nilikuwa nasikia mnayoyasema. Ukuta wetu ni mwembamba. Nikasema, wakiliona bakuli, yatakwisha."

"Nisamehe, mwenzangu."

"Nimekusamehe, dada." Kisha mgeni akauliza, "Zilikuwa tamu?"

Kutoka uani walisikika kuku wakigombana. Mgeni akawasikiliza. Halafu akashusha pazia.

Mfano umekwisha. Sasa tuzungumze sisi.

Yule mwanamke alikosa nini? Msiniambie alikuwa mtu mbaya. Alitoa futari bila kuombwa. Kutoa alijua; kilichomshinda ni kupokea. Nasi ndivyo tulivyo. Tunapenda sana kumpelekea mtu bakuli, kwa sababu anayepeleka hubaki mkubwa. Siku mtu huyo naye akija na chake, tunauliza kimetoka wapi, kimepikwa lini, mbona upesi, mbona mimi. Kitu cha robo saa tunakidharau, wala hatuulizi robo saa hiyo ilitafutwa kwa siku ngapi.

Na jambo hilo tumelipa jina zuri. Tunaliita tahadhari. Mimi ni mzee, na katika majina sikubali mchezo: hiyo si tahadhari. Tahadhari humuuliza mtu mwenyewe, ikangoja jibu. Ile inayouliza majirani wote isipokuwa yeye inaitwa dhana mbaya, na haina jina la pili. Msamaha wake utaombwa, na pengine utapatikana, kama yule alivyoupata. Lakini tambi zitakuwa zimekwisha kufika chini.

Nilisema hapo mwanzo kwamba hakuna mtu wa mtaa huu ndani ya mfano. Sikusema sawasawa, naomba nisahihishe. Nilipopita barazani asubuhi hii nimeona vyombo vyenu vimepangwa vizuri, vyote pamoja, isipokuwa kimoja. Kimewekwa peke yake karibu na ndoo ya kunawia, kimefunikwa kitambaa cha buluu. Nikauliza, "Kile cha nani?" Vingine sikuviuliza. Nilipoambiwa ni cha nani, nikasema, "Ahaa," nikapita. Ninyi mnaijua hiyo "ahaa."

Basi tukitoka hapa, nipisheni njia. Mimi nitaanza na kile. Na mwenyewe, popote alipokaa, namwomba aje anipakulie kwa mkono wake.