Mlio Uliomliza Yusra

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema, hii ya juzi tu, vyeti vilipozidi kazi, alikuwepo mfanyabiashara wa mahindi akiitwa Mzee Shekigenda. Ghala limejaa, nyumba imepakana na ghala, na usingizi hana. Mjukuu wake Yusra, mtoto wa miezi sita, alikuwa akilia. Nje ananyamaza. Akirudishwa chumbani analia, analia mpaka sauti inakauka.

Mzee akatangaza: "Atakayemnyamazisha mjukuu wangu nampa usimamizi wa ghala. Ajira ya kudumu!"

Tunu aliposikia neno kudumu, moyo ulimruka. Alikuwa na digrii ya fizikia, na digrii yenyewe ilikuwa na kazi moja tu: kuning'inia ndani ya fremu kwa mama yake, ikitazama watu wakila dona. CV zake zilizagaa kila ofisi, majibu yake ni "we will get back to you." Akajifunga mtandio, huyoo.

Akapokewa na Mboni, yaya wa mtoto. "Dada, mie nimemwangalia huyu. Kabla hajalia huugeukia ukuta wa ghala. Kila mara."

"Umemwambia Mzee?"

"Nani aliniuliza?"

Tunu akaenda ghalani. Kwenye soketi ya ukuta ule ule kulikuwa na kidude chenye taa ya kijani, cha kufukuza panya kwa mlio mwembamba usiosikika na watu. Juu yake Mzee ameandika kwa chaki: ATAKAYEGUSA KAZI HANA. Tunu akatega sikio. Kimya. Akajiuliza: usiosikika na watu gani? Mkono ukamwasha kukichomoa. Akaurudisha. Kazi yenyewe hajaipata, aanze kuipoteza?

Akawakusanya watu wa nyumba sebuleni, mbali na ghala, Yusra mapajani kwa Mboni. Yeye akajificha nyuma ya pazia, akichungulia, na simu yake inayoweza kutoa mlio na kuupandisha uzidi kuwa mwembamba.

"Anayesikia ainue mkono. Asiyesikia ashushe. No cheating!"

Akaanza. Mikono yote juu. Akapandisha, Bi Mkubwa, mke wa Mzee, akashusha: "Mie basi, mwanangu." Akapandisha, Semkiwa mlinzi akashusha. Akapandisha, Mboni akashusha, na Tunu mwenyewe hasikii kitu. Mkono wa Mzee tu bado uko juu, umenyooka.

"Mzee, wasikia?"

"Vizuri sana!"

"Simu nimeshaizima, Mzee."

Nyumba ikaangua kicheko, na Mzee mwenyewe akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Tunu akauwasha tena mlio ule wa mwisho. Kwa wakubwa, kimya kitupu. Yusra akageuza macho kwenye pazia. Akazima, Yusra akarudi kuchezea kidole cha Mboni. Akawasha, mtoto akageuka. Tunu akahamia nyuma ya kabati, mtoto akageukia huko huko, midomo inakunjamana kwa kilio.

"Ladies and gentlemen, masikio ya mtoto yanafika juu kuliko yetu. Yetu yamechakaa. Kidude cha ghalani kinampigia kelele kutwa nzima."

"Kwa hiyo nikizime, panya wale magunia yangu?" akauliza Mzee. "Ngojeni nifikiri."

Anafikiri hivyo, Semkiwa akatoka bila kuaga. Akakichomoa kidude, akaja kukiweka mezani. Mboni akamrudisha Yusra chumbani. Wakasubiri kilio. Hakikuja. Mtoto kalala, mdomo wazi.

"Semkiwa," Mzee akasema, "amri uliijua. Kazi huna."

"Najua, Mzee. Sasa naomba ile nyingine."

"Ipi?" Mboni akaruka. "Bila macho yangu mngepima nini? Mngekuwa bado mnamnywesha dawa ya tumbo!"

"Na bila kipimo changu," Tunu akajibu, "macho yako ni umbea tu. Na wewe Semkiwa ungechomoa nini, friji?"

"Ninyi mlijua, mkakaa," Semkiwa akasema. "Mtoto hakunyamazishwa na pazia. Mimi nimelipia kwa mkate wangu."

Bi Mkubwa akaleta chai na maandazi. Wakabishana huku wakitafuna, wakinong'ona, mtoto asiamke. Mzee akazishika funguo za ghala, akamtazama huyu, akamtazama yule, akashindwa.

Haya, nyie mliokaa kitako, na wenye vyeti sogeeni mbele. Mmoja aliona akanyamaza, mmoja alipima akaogopa, mmoja alichomoa alichoonyeshwa na wenzake. Kazi ni moja tu. Je, funguo apewe nani?