Mlango Uliofungwa kwa Ajili ya Darasa

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba miongoni mwa Wana wa Israili wa Adeni alikuwako mja mwema aliyeitwa Rabi Azaria. Aliposikia tauni imeingia mji mmoja wa ng'ambo, pwani ya Wasomali, alivuka bahari na wanafunzi wake kwenda kuuguza watu wasio wa kabila lao wala wa dini yao. Wakaweka nadhiri: asubuhi watatumika, alasiri watasoma Taurati na kuyatafakari waliyoyaona, mikono isije ikafanya kazi na moyo umelala.

Nia ilikuwa njema. Lakini Ibilisi huingia hata darasani.

Alasiri moja Bi Dahabo, mwenyeji wa mji ule, aligonga mlango wao. Mumewe amezidiwa, anaomba maji, naye hana wa kumsaidia kumwinua. Rabi alikuwa kwa mgonjwa mwingine. Darasa liliongozwa na Pinhasi, mwanafunzi wake mkubwa. Akajibu bila kufungua: "Ngoja, bibi. Tumo katika maneno ya Mungu."

Akagonga tena, wakaendelea kusoma. Aliporudi nyumbani, mumewe alikuwa amekwisha kata roho, midomo imekauka.

Rabi alipofika alimkuta Bi Dahabo amerudi, anaupiga ule mlango kwa viganja vyote viwili. "Mmekuja kututumikia," alipiga kelele, "au kuchuma thawabu juu ya maiti zetu?"

Rabi akaingia ndani. "Mlikuwa mkisoma hukumu gani?"

Wakainama. Pinhasi akasema, "Ya kumpenda mgeni, Rabi wetu."

Rabi akairarua kanzu yake kifuani. "Ole wenu! Mmemsoma mgeni kitabuni, na mgeni mwenyewe mmemfungia nje!"

"Tumwambie hatukusikia," Pinhasi akanong'ona, "moyo wake upoe."

"Mmemnyima maji, sasa mumnyime na ukweli?"

Akatoka, akasimama mbele ya mjane. "Bibi, walikusikia, wakakuacha. Na mimi ndiye niliyewafundisha. Hatuna udhuru."

"Muombeni Mungu wenu awasamehe."

"Kwetu sisi, dhuluma ya mja kwa mja Mola haifuti mpaka aliyedhulumiwa aridhike."

"Basi mtangoja," akasema Bi Dahabo, "kama nilivyongoja mimi."

Wakamchimbia mumewe kaburi, akazikwa kwa desturi ya watu wake. Kisha wakaung'oa ule mlango. Darasa likaendelea, ila mtu akiita, aya hukatwa katikati. Bi Dahabo alipita kila siku, wakimsalimu haitikii, na Rabi akawakataza wasinung'unike.

Hata alasiri moja akaja, akasimama mbele yao, uso umekunjamana vile vile. "Sijawasamehe," akasema. "Jirani yangu amezidiwa. Inukeni!"

Pinhasi aliinuka wa kwanza, neno likiwa nusu mdomoni.

Ndugu yangu, ole wake amfungiaye mja mwenziwe mlango kwa jina la Mola wao. Na aliyemdhulumu mtu asiharakishe hasira ya mdhulumiwa ipoe. Huenda hasira hiyo ndiyo rehema aliyobakishiwa mkosaji.