Jina la Ishirini na Moja

Sogeeni karibu, na mwenye hasira zake asogee zaidi, maana hadithi hii ni ya mwenzake.

Katika mji wa Kwemazi, penye mashamba ya katani, palikuwa na timu ya wafanyakazi iliyoitwa Mkonge. Ilikuwa na wachezaji kumi na mmoja kama timu nyingine yoyote, lakini watatu kati yao walijaliwa vipaji ambavyo watu wa Kwemazi wanavisimulia mpaka leo.

Wa kwanza alikuwa kipa, Mdoe Singano. Kipaji chake kilikuwa macho. Mpira wenyewe hakuutazama. Alitazama nyonga ya mpigaji, na kabla mguu haujagusa mpira alikwishajua unakwenda wapi.

Wa pili alikuwa beki, Kasiano Ndunguru, mtoto wa manamba waliotoka Songea kuja kukata mkonge. Kipaji chake kilikuwa roho. Hakuwa na mbio wala chenga, ila hakuna aliyewahi kumwona akikwepa kiatu cha mtu.

Wa tatu alikuwa mshambuliaji, Hatibu Shemweta. Kipaji chake kilikuwa miguu. Akikimbia na mpira, ungedhani umeshonewa kiatuni.

Na alikuwapo mtu wa nne ambaye hakucheza. Huyu ni Bi Mwantumu Kilua, mpishi wa kambi ya wafanyakazi. Aliwapikia maharage wote watatu, na hakukosa mechi hata moja tangu akiwa msichana. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, na akikasirika haogopi cheo cha mtu.

Mwaka mmoja Mkonge ilifika fainali ya Kombe la Jamhuri. Ilikwenda kupambana na Nyota ya Jiji, timu kubwa kuliko zote, uwanjani kwao, huku nahodha wao Tino Malekela akitajwa kila siku magazetini. Bi Mwantumu alikwenda juu ya lori la katani pamoja na mashabiki wengine arobaini. Walipewa pembe moja ya uwanja, juani.

Dakika ya themanini na moja, bila kwa bila, refa akawapa Nyota ya Jiji penalti. Mpigaji alikuwa Malekela mwenyewe. Singano alimtazama nyonga, akaruka kushoto, akaupangua mpira kwa ncha za vidole. Vidole viwili vikavunjika palepale. Kama si Singano, Mkonge ilikuwa imefungwa.

Mpira haukutoka nje. Ulimrudia Malekela, goli likiwa tupu na kipa yuko chini, naye akaupiga kwa nguvu zake zote. Ndunguru alijirusha mstarini, mpira ukamgonga kifuani, na mguu wa Malekela ukafuata ukamgonga gotini. Goti likatoka mahali pake. Hata hivyo aliinuka kwa mguu mmoja, akaubutua mpira mbele, ndipo akaanguka. Kama si Ndunguru, kazi ya Singano ingekuwa bure.

Mpira ule ulidondoka katikati ya uwanja, na Shemweta alikuwa peke yake dhidi ya mabeki wawili. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akamlaza kipa chini, akautia nyavuni. Moja kwa bila. Kama si Shemweta, mpira ungerudi, na golini kulikuwa na kipa mwenye vidole vilivyovunjika na beki asiyeweza kusimama.

Kombe lilikwenda Kwemazi. Lakini kila mmoja wa watatu hawa alililipia. Vidole vya Singano havikunyooka tena, na hakudaka mechi nyingine ya maana. Goti la Ndunguru halikupona, akawa mtu wa fimbo akiwa na miaka ishirini na sita. Shemweta alifuatwa na Nyota ya Jiji wiki iliyofuata, akawaambia, "Kipa kaumia, beki kaumia, na mimi nikiondoka timu itabaki na nini?" Akabaki Kwemazi, akicheza kwenye viwanja vya vumbi ambako mwandishi wa gazeti hafiki.

Ikapita miaka arobaini.

Asubuhi moja Bi Mwantumu alikuwa anakanda unga wa chapati, redio ikiwa dirishani. Mtangazaji akasema kwamba Ukumbi wa Magwiji wa Soka umekamilika, na jopo la waandishi kumi na wawili wa michezo limepiga kura kuchagua magwiji ishirini wa kwanza. Majina yao yatachongwa ukutani, na watoto wa shule watapelekwa kuyasoma. Bi Mwantumu akaacha kukanda ili asikie vizuri.

Yakasomwa majina ishirini. Kumi na manne yalikuwa ya Nyota ya Jiji. La Mkonge halikuwapo hata moja. Tino Malekela alikuwa wa tatu, naye, alisema mtangazaji, amechaguliwa kwa mchango wake mkubwa katika fainali ile isiyosahaulika.

"Mchango gani?" Bi Mwantumu aliiuliza redio. "Wa kukosa penalti?"

Unga uliachwa kwenye sinia mpaka ukakauka. Jioni ile tawi la mashabiki lilikutana, na kila mtu alikuwa na la kusema. Wengine walitaka kuandika barua. Bi Mwantumu akasema barua wataifungia maandazi. Kesho kutwa yake alikuwa jijini, amekaa kwenye benchi la ofisi za Ukumbi, akikataa chai. Alipoambiwa arudi wiki ijayo alisema hana mahali pa kurudi, na akaendelea kukaa mpaka mwenyekiti wa jopo, Bwana Rwezaura, akamwita ndani. Waandishi wengine saba walikuwa kwenye kikao.

"Shikamoo, mama," alisema Rwezaura. "Karibu. Tumesikia una malalamiko."

"Marahaba. Sina malalamiko, nina swali. Nani kati yenu aliwahi kuiona Mkonge ikicheza?"

Dada mmoja mwenye miwani alikohoa. "Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, mama. Tunategemea kumbukumbu za magazeti."

"Magazeti hayo yaliandikwa na nani?"

"Na waandishi waliotutangulia."

"Waliokaa wapi?"

"Hapa jijini."

"Basi mmejisoma wenyewe, mkajipigia kura wenyewe."

Rwezaura alijaribu kutuliza. Alisema kura ilikuwa ya siri na ya haki, na kwamba hakuna aliyemchukia mtu wa Kwemazi. Mwandishi mnene aliyekaa karibu na dirisha akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Na Malekela, mama, ungemjua ungempenda. Mtu wa watu. Tunakunywa naye supu kila Ijumaa."

Bi Mwantumu alimgeukia. "Mwanangu, mimi nilikuwa uwanjani. Nilimwona huyo mtu wa watu akimvunja Kasiano Ndunguru goti, halafu akamruka akaenda zake. Ndunguru anatembelea fimbo mwaka wa arobaini huu. Na wewe unaniambia supu."

Yule mnene akainamisha kichwa.

"Hamkutuchukia," Bi Mwantumu aliendelea. "Mngetuchukia mngetutaja angalau kwa ubaya. Ninyi hamkutukumbuka, na hilo limeniuma zaidi. Watoto wa Kwemazi wataletwa hapa, watasoma ukuta mzima, warudi nyumbani wakiamini kwamba kwao hakujawahi kuzaliwa mtu."

Waandishi wakaomba watete kidogo. Bi Mwantumu alitoka, akasimama kwenye ujia, akawasikia wakibishana mle ndani. Alipoitwa tena, Rwezaura alikuwa na karatasi nyeupe mbele yake.

"Kanuni zinaturuhusu majina ishirini na moja," alisema. "Tulitaja ishirini. Hilo moja nakupa wewe."

"Moja?"

"Moja. Ukumbi huu hauandiki timu, unaandika mtu. Fundi anaanza kuchonga kesho, kwa hiyo jina nalitaka kabla ya saa kumi. Ukiandika zaidi ya moja, kanuni inaifuta karatasi. Ukiiacha tupu, nafasi inarudi kwa jopo."

"Na jopo litamwandika nani?"

Rwezaura hakutaka kumdanganya. "Kocha wa zamani wa Nyota ya Jiji. Ana kura saba tayari."

Bi Mwantumu aliichukua karatasi. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Akatoka hadi kwenye ujia, akapiga simu Kwemazi, ambako tawi zima lilikuwa limekusanyika kusubiri habari. Alipowaeleza, walishangilia, kisha wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja.

"Shemweta," sauti moja ilisema. "Kombe ni goli, na goli ni lake."

"Goli lingetoka wapi kama penalti ingeingia?" mwingine akadakia. "Andika Singano."

"Na Ndunguru je?" Bi Mwantumu aliuliza.

Kisha mwenyekiti wa tawi akasema, "Ndunguru tunamheshimu, dada. Lakini huko nani atamjua? Beki hana hata picha."

Damu ilimpanda Bi Mwantumu kichwani. Hayo ndiyo aliyotoka kuwatukania waandishi, na sasa yanatoka kwenye vinywa vya watu waliopanda naye lori. "Mmekuwa jopo na ninyi?" aliuliza. "Wenyewe wako hapo? Nipeni niongee nao."

Simu ikapewa Shemweta. Sauti yake ilikuwa imezeeka. "Dada Mwantumu, sitaki kujifanya mnyenyekevu. Jiji liliniita nikalikataa kwa ajili ya timu. Leo ningekuwa ukutani bila kuombewa na mtu. Niandike."

Ikapewa Ndunguru. "Mimi miaka yote hii," alisema, "kila wanaposimulia goli lile wanaanzia katikati ya uwanja. Hakuna anayeuliza mpira ulifikaje pale. Ningependa siku moja mtu aulize."

Singano alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Simu ikapewa mjane wake, Mama Zaina. "Wiki ya mwisho alikuwa ananiuliza kama wameshamwita," alisema. "Nikamdanganya kwamba barua iko njiani. Dada yangu, wewe ndiye unayeweza kunitoa kwenye uongo huu."

Bi Mwantumu alikata simu, akaketi.

Moyo wake ulikwishaandika Ndunguru. Ulimwandika kabla hata ya kupiga simu. Lakini alipoiweka kalamu juu ya karatasi alijiuliza kwa nini, na jibu halikumfurahisha. Ndunguru ni jirani yake, nyumba ya nyuma. Asubuhi huja kwa fimbo yake, wanakunywa uji barazani wakizungumza mpira. Anaijua sauti ya goti lake akiinuka. Singano alihamia ng'ambo ya mji, na Shemweta si mtu wa kutembeleana. Je, kama Ndunguru angekuwa ndiye anayeishi mbali, angemwona kuwa mkubwa kuliko wenzake? Alimkumbuka yule mwandishi wa supu, akazidi kukasirika, kwa sababu safari hii hasira haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Akajaribu kupima kwa matendo tu, kama mgeni. Bila macho ya Singano, hakuna cha kuokoa. Bila roho ya Ndunguru, hakuna cha kupeleka mbele. Bila miguu ya Shemweta, hakuna kombe. Akajaribu kupima kwa maumivu. Mmoja alipoteza mkono wake wa kazi, mmoja goti lake, mmoja jina lake. Akajaribu kupima kwa haja: marehemu aliyeahidiwa barua, kilema anayesubiri swali, mzee aliyekataa jiji. Kila alipopima, mizani ilisimama palepale.

Akafikiria hata kuirarua karatasi na kuwatupia usoni. Ingekuwa tamu sana kwa dakika moja. Kisha kocha wa Nyota ya Jiji angechongwa ukutani.

Mlango ukafunguka. Rwezaura alisimama hapo, saa yake mkononi, na nyuma yake waandishi wengine walikuwa wamesimama wakimtazama mwanamke aliyewaambia kuwa hawajui kuchagua.

"Mama," alisema taratibu, "zimebaki dakika tano."

Mimi hapa nanyamaza. Nimekwisha kuisimulia mahali pengi, na kila mahali watu wameondoka wamenuniana, mama na mwanawe, mke na mumewe. Sasa kalamu ni yako na dakika ni tano. Kipa, beki au mshambuliaji: ungeandika jina la nani, na ukirudi Kwemazi, wale wawili wengine ungewaambia nini?