Wazee wa Ukutani

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba mpya, na hakuwa na kitu cha kale cha kuweka ndani yake. Jina lake lilikuwa Leonida. Baba yake alikuwa mziba masufuria sokoni, na alipofariki, Leonida aliwaachia majirani kigoda chake, nyundo yake na mkeka wake, akaondoka bila kugeuka nyuma. Hakupenda kuulizwa ametoka wapi.

Alipenda vitu vya kale vya watu wengine. Alikuwa na jicho la vitu hivyo, hilo lazima tumkubalie. Palipokuwa na familia inayohama, au nyumba ya marehemu inayogawanywa, yeye alifika mapema. Alipata kabati la vioo lenye miguu iliyopinda, makochi ya mninga, saa ya ukutani, birika za shaba. Makochi aliyavalisha kitambaa cha maua yaliyofifia. Kabati alilipaka rangi ya maziwa, kisha akazisugua kingo zake kwa msasa, taratibu, ili rangi ionekane imechubuliwa na mikono ya vizazi. Mtu akiingia sebuleni mwake alishusha sauti bila kujua kwa nini.

Juu ya kabati palibaki ukuta mtupu. Hapo alitundika fremu ya umbo la yai yenye nakshi za dhahabu, aliyoipata kwenye lundo la vyombo vya nyumba moja iliyouzwa. Ndani yake mlikuwa na picha isiyo na rangi: mwanamume amesimama na kofia mkononi, mwanamke ameketi, msalaba mdogo shingoni. Leonida hakuwajua. Aliwaacha humo kwa sababu walipendeza.

Mgeni wa kwanza aliuliza kama hao ndio wazee wake. Leonida alitabasamu tu. Mgeni mwingine akajibiwa ndiyo. Mwishowe akawa anasimulia bila kuulizwa, jinsi babu alivyokuwa karani wa misheni na bibi alivyofuma vitambaa vya mezani. Mumewe Gosbert aliyasikia hayo akitazama sakafu. Binti yao Jovitha aliyasikia pia.

Ikafika siku ya posa. Watu wa upande wa kijana walikuja kumposa Jovitha, na pamoja nao alikuja Bi Paskazia, dada wa babu yake kijana, mama mzee anayetembea kwa kushikwa mkono. Walimkalisha kwenye kochi lililoelekea kabati. Mazungumzo yalianza vizuri. Vinywaji vilipita. Lakini Bi Paskazia hakugusa bilauri yake. Alikuwa akitazama ukutani, na kadiri alivyotazama, ndivyo alivyozidi kuinama mbele.

"Mwanangu," alimwuliza Leonida, "hawa ni nani?"

Leonida aliona Gosbert akiinua macho. Aliona Jovitha akisimama na sinia mlangoni. Wageni wote walikuwa wakimsikiliza.

"Ni babu na bibi, mama. Wazazi wa baba yangu."

Bi Paskazia alinyanyuka mwenyewe, bila kushikwa mkono. Alivuka sebule, akamshika Leonida mashavu kwa viganja viwili, akaanza kulia. Wale wa ukutani, alisema, walikuwa baba yake na mama yake mzazi. Na mbali na babu yake kijana, walikuwa na mtoto mwingine wa kiume, Fidelis, aliyetoka nyumbani akiwa kijana kwenda kutafuta kazi, asirudi tena. Mama yao alikufa akimtaja.

"Alijiita nani huko alikokwenda?" aliuliza. "Alizikwa wapi? Niambie, mtoto wa kaka yangu. Tumemtafuta mpaka tumezeeka."

Mikono ya mama yule ilikuwa ya moto usoni pake.

Ndipo msemaji wa wageni, mtu mpole, akaweka bilauri chini. Akasema kwa huzuni kwamba Mungu ameleta furaha na msiba mlango mmoja. Kama mama wa binti ni mtoto wa Fidelis, basi binti na kijana ni damu moja. Posa haiwezi kuendelea. Wanaume walianza kutafuta kofia zao. Kijana alimtazama Jovitha, na Jovitha hakumtazama yeyote ila mama yake. Hakumwomba. Alingoja tu, sinia likiwa bado mikononi.

Kukaa kimya kungemwachia Leonida wazee wale, na shangazi, na ukoo wenye heshima. Binti angempoteza. Alijua hilo, na hata hivyo alichelewa. Wageni walikuwa wameshafika barazani aliposema, kwa sauti ambayo hakuitambua:

"Si wangu. Nilinunua fremu, wao walikuwa ndani."

Viganja vya Bi Paskazia vilishuka kutoka usoni pake. Mama yule hakumtukana. Aliomba picha iteremshwe, akaifunga ndani ya khanga yake, akaondoka nayo akiwa ameikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Upande wa kijana walirudi baada ya mioyo kupoa. Msemaji wao alimwuliza Leonida upya kuhusu wazazi wake, naye akamtaja mziba masufuria kwa jina lake, Rwegoshora, mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka. Jovitha aliolewa. Lakini Bi Paskazia hakuja harusini. Alituma watu wakaseme kwamba hana kinyongo, ila yuko matangani, kwa kuwa siku ile, kwa kitambo kidogo, kaka yake alikuwa amerudi.

Basi niambieni, ninyi mnaosikia: uongo unaopendeza namna ile, unaotulia ukutani bila kumdhuru mtu, uligeuka kisu saa ngapi? Siku Paskazia alipouliza, au siku mgeni wa kwanza alipojibiwa kwa tabasamu?