Mbweu ya Mzee Kisonge

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa moto chini ya ardhi, na moto huo ulikuwa mpishi.

Hapo zamani za kale mpishi huyo alikuwa na walaji watatu, milima ndugu. Kiuji alipenda uji mwepesi. Kirojo alipenda mchuzi mzito. Kisonge, mkubwa wao, alitaka ugali tu, ule wa kuvunja mwiko.

Sasa chakula cha mpishi yule kilijaa hewa, na hewa haikubali kukaa tumboni. Kiuji akishiba, hewa ilitoka polepole, uji ukafurika mdomoni na kuteremka. Wanyama walifunga mizigo, wakahama huku wakipiga soga. Kirojo alipiga mbweu kila mara, akatema mawe mawili matatu. Wanyama walikaa kando kidogo, basi.

Kisonge hakupiga mbweu. Msemaji wake, Pimbi, alimkataza. Pimbi alikuwa na nyumba kileleni, mke, watoto saba, na mkia mrefu aliouchana kila asubuhi. Alisema mbweu ni za wadogo, mkubwa hapigi mbweu mbele za watu. Alisahau kwamba kwa wazee wetu mbweu ni shukrani kwa mpishi.

Ardhi ikatikisika. Fuko, anayeishi chini, akapanda kuuliza kuna nini. Pimbi akamjibu kwamba Mzee Kisonge anatafakari.

Moshi ukafuka. Fuko akapanda tena. Akajibiwa kwamba Mzee anavuta kiko.

Ubavu wa mlima ukavimba. Fuko akapanda mara ya tatu, nyayo zimeungua.

"Ndugu Pimbi, hewa imemkwama kwenye ugali. Mwache apige mbweu, au chukua wanao mhame."

"Mzee amenenepa," akasema Pimbi. "Nawe kaoge, unanuka udongo."

Mke wa Pimbi hakungoja. Akawabeba watoto, akamfuata Fuko. Pimbi akabaki kuandaa taarifa.

Mbweu za miaka mia zikatoka siku moja. Puuu! Kilele kikaruka, ugali ukawa jivu, jua likafunikwa. Pimbi akaangukia bondeni, hai, bila nyumba, bila mkia.

Mkewe akamuuliza Mzee amefanya nini.

Pimbi akapapasa nyuma. "Mzee amenipunguzia mzigo."

Ndiyo maana milima haifoki sawasawa: wa uji hutiririka, wa ugali hulipuka. Na ndiyo maana pimbi hana mkia, ingawa ukimuuliza atakwambia hakuwahi kuuhitaji.

Funzo, wanangu: ukimziba mkubwa mdomo kwa heshima, siku akipumua utaungua wewe uliye karibu.

Ngano yangu imeiva, nimeipakua. Sufuria osheni ninyi.